Kuchumbiana na kufunga ndoa mmoja akiwa vitani

Mwanajeshi anapopelekwa vitani, wachumba huogopa risasi na usaliti. Mara nyingi kinachowaliza ni kidogo kuliko hivyo: fomu ambayo bado ina jina la mtu mwingine, barua iliyoitangulia mwenziwe, kimya kilichoeleweka vibaya. Haya yanazuilika, ila mengi yashughulikiwe kabla hajaondoka.

Barua, simu na kimya

Kila barua iwe na namba na tarehe, na kila mmoja awe na daftari dogo la kuandika namba alizotuma na alizopokea. Barua za vitani hufika kwa mafungu, na si ajabu ya 15 kuitangulia ya 14. Kama ya 14 iliandikwa kwa hasira na ya 15 ni ya kuomba radhi, anayezisoma kinyume atadhani radhi imefutwa. Mwenye namba hujua kwamba kuna barua iko njiani, akangoja. Unapojibu, taja ulichopata: "Nimepokea 12 na 13, ya 11 bado."

Msitaje mahali, siku ya kuhama, idadi ya askari, silaha wala hasara ya kikosi. Wapo wanaotunga maneno ya siri ili wajuzane askari alipo. Acheni kabisa. Mdhibiti, yaani afisa anayekagua barua, akiligundua fumbo, barua huzuiwa na askari anaweza kushtakiwa. Adui akiligundua, gharama hailipiki. Kwa wanaotumia simu, zimeni huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga picha, maana faili lenyewe linaweza kubeba viwianishi, yaani namba zinazoonyesha hasa mahali ilipopigwa. Angalieni pia kilichoonekana nyuma ya uso: mnara, kilima, namba ya gari. Aliye nyumbani naye asitangaze mtandaoni kwamba mpenzi wake anarudi Ijumaa.

Vikosi vingi hufunga mawasiliano ya wote askari mmoja anapouawa au kujeruhiwa vibaya, hadi familia yake ijulishwe rasmi. Hufungwa pia kabla ya operesheni. Kwa hiyo siku kadhaa bila ujumbe hazisemi lolote kuhusu mtu wako. Kubalianeni mapema ni baada ya siku ngapi utauliza, na umuulize nani. Namba ya ofisi hiyo iandikwe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huibwa na huharibika.

Mfunge sasa au mngoje?

Kama mmejuana miezi michache na sababu kuu ya kuharakisha ni tarehe ya kuondoka, ushauri wetu ni kungoja likizo ya kwanza. Tumieni barua kuulizana yale ambayo matembezi ya jioni hayaulizi: nani ana madeni, wazazi wa upande upi wanategemea mshahara huu, atakayebaki ataishi wapi, mtoto akizaliwa mmoja hayupo itakuwaje. Lakini kungoja nako kuna bei yake. Mbele ya sheria za nchi nyingi mchumba si mtu wa familia, hivyo huenda asipewe taarifa rasmi, posho wala mafao. Walio na mtoto, au mimba iko njiani, wana sababu nzuri ya kutongoja.

Makaratasi yaanze miezi miwili au mitatu kabla ya likizo. Majeshi mengi hutaka askari aombe kibali kwa mkuu wake. Kisha yupo msajili wa ndoa au kiongozi wa dini, na hapa ndipo wengi hukwama: mara nyingi sheria hutaka tangazo la ndoa likae kwa siku kadhaa, na likizo fupi huisha kabla tangazo halijaiva. Ulizeni kama aliye nyumbani anaweza kulipeleka peke yake. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na kumbukumbu za jeshi.

Likizo ikiwa ya siku 10, wekeni ndoa siku ya nne au ya tano. Siku za mwanzo huliwa na safari zilizochelewa na usingizi. Za mwisho hazina uhakika, kwani likizo hukatwa. Msichukue mashahidi wote wawili kutoka kikosi kimoja, maana wakiitwa kazini wataondoka pamoja.

Likizo isipopatikana

Ndoa kwa wakala, ambapo mtu mwingine husimama badala ya bwana au bibi harusi, ipo, lakini si kila mahali. Jimbo la Montana, Marekani, huruhusu hata wote wawili wawakilishwe, mradi mmoja awe mkazi wa jimbo hilo au mwanajeshi aliye kazini. Katika Uislamu nikaha inaweza kufungwa kupitia wakili. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1105 ya sheria za Kanisa hudai hati maalumu inayomtaja mtu wa kuoana naye, na wakala ateuliwe na yule anayewakilishwa mwenyewe. Anayewakilishwa akiifuta hati kabla wakala hajafunga ndoa, ndoa ni batili hata kama wakala hakujua. Kabla ya kutia saini, thibitisheni kwamba nchi yenu na jeshi lenu wataitambua ndoa ya namna hiyo.

Wiki ya kwanza baada ya ndoa

Chukueni nakala tano za cheti zilizothibitishwa. Nendeni kwenye ofisi ya utumishi ya kikosi mkabadilishe jina la ndugu wa karibu na la mnufaika wa mafao. Mara nyingi hizo ni fomu mbili tofauti, na ndoa pekee haizibadilishi. Pangeni fungu la mshahara likatwe moja kwa moja kwenda kwenye akaunti ya mwenzi. Hati ya uwakili, inayomruhusu mwenzi kutenda kwa niaba ya askari, itaje mambo mahususi, kama kodi ya nyumba na bima, pamoja na tarehe ya kuisha. Hati ya "kila kitu" humpa mtu uwezo wa kuuza kila kitu. Hati ya uwakili hukoma aliyeitoa akifa, kwa hiyo wosia uandikwe pia.

Akichukuliwa mateka

Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 humpa mateka wa vita haki ya kuandikia familia kadi ya taarifa ndani ya wiki moja tangu afike kambini. Baada ya hapo, hata barua zikiwekewa kikomo, kisishuke chini ya barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Anaweza pia kutuma wosia na hati za uwakili. Kadi zisipofika, fungueni ombi la kumtafuta kupitia chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu kilicho karibu. Nendeni na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya utumishi, nakala ya cheti cha ndoa, na lile daftari lenye tarehe ya barua ya mwisho.