Namna ya kubadilisha taa za sodiamu kuwa za LED katika mji wa kando ya ziwa

Nilipoanza kazi ya taa za barabarani hapa Mwanza, zaidi ya miaka 30 iliyopita, nguzo nyingi nilizopanda zilikuwa na taa za zebaki. Mwanga wake wa kibuluu ulififia mwaka hadi mwaka bila taa kuzimika, hata mtaa ukahesabiwa kuwa una taa ilhali chini ya nguzo mtu hakuweza kuona jiwe la kujikwaa. Zikafuata za sodiamu, za rangi ya chungwa, zilizotoa takribani mara mbili ya mwanga ule kwa kila wati, na sasa ni zamu ya LED. Katika mabadiliko hayo yote nimeona kosa moja likirudiwa: watu hununua taa kwanza, kisha ndipo huitazama barabara. Mwongozo huu nauandika kwa mhandisi au fundi wa halmashauri aliyepewa jukumu la kubadilisha taa za mtaa mzima, na unaanza kwa kuitazama barabara.

Pima usiku kabla ya kuandika zabuni

Nenda baada ya saa nne usiku, maduka yakiwa yamefungwa, kwa sababu taa za vibarazani hudanganya kipimo. Chukua kipimo cha luksi (kiasi cha mwanga unaofika chini), futi kamba ndefu, daftari na mwenzako wa kuangalia magari. Pima umbali wa kila nguzo na nguzo bila kuamini ramani, kwani katika mji wetu wa majabali nguzo husimama pale mwamba uliporuhusu; nimekuta mtaa mmoja wenye nafasi ya mita 24 mahali pamoja na mita 41 mahali pengine. Kisha gawanya nafasi ya kati ya nguzo mbili katika vipande kumi, uweke kipimo chini katika kila kipande kwa mistari mitatu, mmoja karibu na ukingo huu, mmoja katikati na mmoja karibu na ukingo wa pili, uandike kila namba. Wastani wa namba hizo ndio mwanga ulionao, na namba ndogo kuliko zote ndiyo giza analopita mwananchi.

Kwa lengo, tumia mwongozo wa tume ya kimataifa ya mwanga, CIE 115 wa mwaka 2010. Njia za watembea kwa miguu humo zimepangwa kwa madaraja yanayoanzia wastani wa luksi 15 na kushuka hadi 2, kulingana na wingi wa watu na hatari ya mahali, ilhali barabara za magari hupangwa kwa mng'ao wa lami. Barabara kama Kenyatta au Nyerere na ngazi za mawe zinazopanda vilimani haziwezi kuwekwa daraja moja.

Usiishie kwenye namba, bali zungumza na wanaoutumia mwanga huo. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, mama mmoja muuza samaki aliniona na kipimo changu akaniita: "Baba, hebu njoo uone." Akafungua shavu la sangara chini ya taa ya sodiamu, na mimi sikuona ila rangi moja ya kahawia, akawasha tochi ya simu, na shavu lile lile likawa jekundu la damu mbichi. "Wateja wangu wananiambia samaki wamelala, na mimi nimewapokea sasa hivi." Taa ya sodiamu yenye shinikizo kubwa hupata takribani 25 tu kati ya 100 katika kipimo cha uaminifu wa rangi, na LED ya kawaida ya barabarani hupata 70 au zaidi. Nilikuwa nimeijua namba hiyo kwa miaka mingi, lakini maana yake niliielewa mbele ya meza ya mama yule, na tangu siku hiyo kwenye masoko na mialo naandika 80 katika masharti ya zabuni.

Hesabu ya umeme

Taa ya sodiamu ya wati 250, ukijumlisha kinacholiwa na balasti, kifaa kinachodhibiti umeme wa taa hiyo, huvuta karibu wati 280. Hapa karibu na ikweta usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo taa huwaka takribani saa 4,380 kwa mwaka na kula karibu yuniti 1,226. LED ya wati 110 hula yuniti 482 kwa muda huo huo. Tofauti ni yuniti 744 kwa nguzo moja, na kwa nguzo mia ni zaidi ya yuniti 74,000 kila mwaka. Hesabu hiyo ndiyo ya kuwaonyesha madiwani.

Kuchagua taa yenyewe

Muuzaji atakueleza lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa. Mwulize zinaangukia wapi, maana taa mbili zenye lumeni sawa zinaweza kuangaza barabara kwa namna tofauti kabisa kutokana na lenzi. Mpe vipimo vyako halisi vya nafasi, kimo cha nguzo na upana wa barabara, umtake akuletee hesabu ya mwanga iliyofanywa kwa vipimo hivyo. Kwenye ile nafasi ya mita 41 ukweli ni kwamba hakuna lenzi itakayokuokoa, na ni heri useme mapema kuwa panahitajika nguzo moja zaidi.

Rangi ya mwanga ina uzito wa pekee kwetu. LED za mwanzo zililetwa nyeupe sana, za kelvini 5,000 na zaidi (kelvini zikipanda, mwanga huwa mweupe na wa buluu zaidi), kwa kuwa ndizo zilizokuwa rahisi. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani kilishauri taa za mitaani zisizidi kelvini 3,000, kwa sababu ya madhara ya mwanga wa buluu kwa usingizi na kwa macho ya madereva. Sisi tuna sababu nyingine, nayo ni wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi juu ya maji na kuja mjini na upepo. Wengi wao huvutwa zaidi na mwanga wenye buluu nyingi. Nimewahi kufungua taa ya zamani karibu na maji nikakuta kioo kimejaa wadudu wakavu kina cha kidole kizima, na mwanga unapita pembeni tu. Kwa hiyo ufukweni chagua kelvini 3,000 au chini, chombo kilichofungwa kwa daraja la IP66, lisilopitisha vumbi wala maji ya kurushwa, na mgongo usio na mashimo ya kushika uchafu, kwani korongo nao hupenda kutua juu ya taa na kinyesi chao hufunika mapezi yanayopoza joto. Elekeza mwanga barabarani, usimwagikie ziwani; ng'ambo ya nguzo kuna wavuvi wa dagaa wanaotegemea usiku wa giza na taa zao wenyewe, ambao zamani walitumia karabai na leo wengi wanatumia LED kama wewe.

Radi na ethi

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na hapa naomba usome polepole. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na sehemu kubwa ya radi hizo hupiga juu ya maji usiku, saa zile zile ambazo taa zako zinawaka. Balasti ya sodiamu ni chuma na shaba nzito. Ilistahimili mishtuko mingi ya umeme bila kulalamika. Draiva ya LED, yaani kifaa kinachoilisha umeme, ni ubao wenye vipande vidogo vya kielektroniki, na haistahimili.

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku nilikuta taa 14 za mtaa mmoja zimekufa zote, na hazikuwa zimemaliza mwaka. Niliishusha moja na kuifungua juu ya boneti ya gari. Kapasita ya draiva, kipande kinachohifadhi chaji, ilikuwa imevimba kichwani, na njia ya shaba kwenye ubao ilikuwa imeungua ikaacha mstari mweusi mwembamba kama uzi. Kinga ya mshtuko, ambayo ilikuwa na uwezo wa kilovolti 10 kama tulivyoagiza, ilikuwa nzima kabisa. Nilifuata waya wake wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kwa kidole hadi mwisho, nikakuta umefungwa vizuri kwenye skrubu, na chini ya skrubu kuna rangi ya nguzo ambayo hakuna aliyeikwangua. Kinga haikuwa na mahali pa kuupeleka umeme wa radi. Nililiona jambo lile kwa uchungu, kwa sababu mimi ndiye niliyesaini makabidhiano.

Tangu hapo sisaini kabla ya kupima mwendelezo wa ethi katika kila nguzo, kutoka kwenye mwili wa taa hadi ardhini. Rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, ncha ya waya ifungwe kwa washa ya meno, kisha ipakwe grisi. Ukinzani wa ardhi nalenga uwe chini ya omu 10. Kwenye majabali fimbo ya ethi haiwezi kuzama. Usiikate na kuificha, kama nilivyoona ikifanywa, bali laza waya wa shaba au mkanda wa chuma kwenye mtaro pamoja na kebo, uunganishe nguzo zote hadi kwenye paneli.

Siku ya kufunga

Zima saketi, funga paneli kwa kufuli, kisha pima kuhakikisha hakuna umeme kabla ya kugusa, na usisahau kwamba kapasita ya zamani huhifadhi chaji. Taa za sodiamu ziteremshwe zikiwa nzima na kurudishwa kwenye maboksi yake. Ndani zina zebaki, hazifai kutupwa dampo wala kupewa watoto wa kukusanya vyuma.

Iwapo unatumia kichwa cha zamani na kuweka LED ndani yake, ondoa balasti, kapasita na ignita. Ignita hutoa mapigo ya maelfu ya volti ya kuwashia taa ya sodiamu, na mapigo hayo huiua draiva. Angalia pia breka: LED huvuta umeme mdogo ikishawaka, lakini mara tu inapowashwa hunywa mkupuo mkubwa kwa muda mfupi sana, na taa 20 zikiwaka pamoja huangusha breka nyepesi. Tumia breka za aina ya C, ugawanye mzigo kwenye fazi tatu, na fotoseli moja (kihisi cha giza na mwanga) iamuru kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, kwenye paneli badala ya kuubeba mzigo wenyewe. Fotoseli isielekee taa yoyote, la sivyo itawasha na kuzima usiku kucha.

Kila nguzo ipewe namba iliyopigwa rangi, na katika daftari uandike namba hiyo, tarehe ya kufunga, wati, kelvini na usomaji wa ethi. Baada ya mwaka mmoja rudi pale pale ulipopima mwanzo, kwenye mistari ile ile mitatu, upime mara mbili: kwanza vioo vikiwa na uchafu wake, kisha vikishafutwa kwa kitambaa chenye maji. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokuambia ni mara ngapi kwa mwaka gari la ngazi lipite katika mtaa huo, na kwa mitaa ya ufukweni mimi nimekuwa nikilipitisha mara mbili.