Kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo: barua ya usimamizi si mwisho wa kazi

Wengi wanaotufikia sisi wasaidizi wa kisheria huja na muhtasari wa kikao cha ukoo mkononi, wakiamini mambo yamekwisha: "Ukoo umeshamteua kaka." Ukoo hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na kabla ya hapo huyo kaka hana mamlaka ya kuuza hata bati la marehemu.

Anza na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo. Kibali cha mazishi hakitoshi. Kifo hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, ingawa aliyechelewa naye huandikishwa. Linganisha jina la kwenye cheti na la kwenye hati ya nyumba na akaunti ya benki. Yakitofautiana, shughulikia mapema kiapo cha majina, yaani cha kuthibitisha kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja.

Kisha itisheni kikao. Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 haziutaji muhtasari huo, lakini makarani wengi watauomba, kwa hiyo uandikeni vizuri: waliohudhuria, sahihi zao, na warithi wote. Mjane, mabinti walioolewa, hata yule mtoto wa nje ya ndoa ambaye kila mtu anajifanya hamjui. Kumtaja mtu si kumpa fungu; kumruka ndiko kunakoleta pingamizi.

Maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi. Mahakama hii husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Kama marehemu aliishi Kikristo na mila alishaziacha, ulizia Mahakama ya Wilaya kabla hujalipa ada. Utajaza Fomu Na. 1, ukiambatanisha wosia kama upo. Tangazo hubandikwa ili mwenye kupinga ajitokeze. Siku ya kusikilizwa nenda na warithi na wadhamini. Pasipo pingamizi utasaini dhamana na kupewa Fomu Na. 4, yaani barua ya usimamizi.

Hapa ndipo mirathi nyingi hulala. Msimamizi akishaipata barua, anaanza kupokea kodi za wapangaji na kuitwa baba mwenye nyumba. Lakini usimamizi ni kazi, haumfanyi mtu kuwa mrithi. Ndani ya miezi 4 tangu uteuzi anatakiwa kurudisha mahakamani Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni yote, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Kisha Fomu Na. 6, ambayo ni hesabu: kilichoingia, madeni yaliyolipwa, nani kapewa nini.

Mrithi usiyeziona fomu hizo, usigombane msibani wala kwenye simu. Chukua namba ya shauri, iandikie mahakama ileile barua ukiomba msimamizi aitwe ajieleze. Ina uwezo wa kumwondoa na kuteua mwingine.

Na msaidizi wa kisheria akikutoza pesa ya kukujazia fomu, mkatalie. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 haimruhusu.