Kabla hujahamia zile nyumba mpya za pembezoni mwa jiji, soma hapa kwanza

Hati ihakikishe ofisi ya ardhi, sio kwenye simu ya dalali, hilo kila mtu analijua tusipoteze muda. Bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, nenda ukazikague na mpimaji wako mwenyewe. Bomba lifungue jioni watu wote wakiwa wamesharudi kutoka kazini, saa nne asubuhi kila bomba linatoa maji. Na umbali usiupime Jumapili mchana ndani ya gari la muuzaji, upime Jumatatu alfajiri kwa usafiri utakaoutumia wewe.

Haya, sasa mitaro. Hapa ndo mimi nililia.

Ramani waliyotuonyesha ilikuwa nzuri kweli, viwanja vyeupe, barabara za kijivu, na kule bondeni kabisa kipande cha kijani. Nikasema bustani hiyo, watoto watacheza mpira, nikachukua nyumba inayopakana nayo na nikajiona mjanja. Miaka miwili ya kwanza mvua inanyesha, maji yanatuama kidogo kwenye nyasi, siku mbili yameisha, sina habari. Ikaja awamu ya pili ya ujenzi kule juu kwenye mteremko, wakafyeka pori lote wakamwaga lami na zege na mapaa ya bati mpaka upeo wa macho. Mvua ikaja ileile tu, wala haikuwa kubwa kuliko za nyuma, usiku naamka nashusha mguu nakuta maji ya kifundo na ndala zinaelea. Kumbe kile kijani sio bustani bwana, ni bwawa la kupokea maji ya mvua ya mtaa mzima, na lilichimbwa kwa kipimo cha awamu ya kwanza! Kwenda kulalamika tunaambiwa mbona limeandikwa kwenye ramani, na kweli limeandikwa, kaherufi kama chawa pembeni, tumesaini wote. Ardhi ikiwa pori maji mengi yanazama, ukiifunika yanashuka yote kwa mkupuo kwa aliyeko chini, na aliyeko chini ni mimi.

Kwa hiyo dai ramani ya awamu ZOTE, uliza kila rangi maana yake nini, uliza maji ya huko juu yatapita wapi, na uende siku mvua inanyesha, vaa mabuti usione aibu. Zunguka nyuma ya nyumba za watu uangalie mstari wa tope ukutani, wengi wanapaka rangi mbele tu.

Shule na zahanati zilizochorwa hesabu hazipo mpaka uone tofali. Hii mitaa ya kujengwa kwa mpango sio wazo la jana, mji wa Letchworth kule Uingereza ulianzishwa 1903 na hesabu ilikuwa viwanda na kazi viwe humohumo, hawa wa siku hizi wamekopi miti tu, kazi wakaziacha mjini.

Majitaka yanaishia wapi, uliza. Ada ya ulinzi na taka nani anaipandisha na kwa kibali cha nani, uliza. Masharti soma yote, kuna sehemu hata rangi ya geti wanakuchagulia. Halafu ongea na wapangaji, mwenye nyumba usimwamini sana, anaogopa bei isishuke. Mimi mwenyewe yangu nimeiweka sokoni, na wateja wakija kiangazi wakauliza habari za maji nakohoa kwanza.