SOMO: Kujua mapema mapafu ya kupandikizwa yanapoanza kukataliwa na mwili

Naandika mara moja, nisiulizwe tena kila wiki. Nilipandikizwa mapafu Chennai, India, naishi Ngamiani, Tanga. Mimi si daktari.

1. Joto, asubuhi na jioni. Likifika 38, piga simu kituo kilichokupandikiza. Steroidi (dawa za kutuliza kinga ya mwili) huficha homa, kwa hiyo hata joto dogo usilidharau.

2. Uzito, kila asubuhi ukishatoka chooni.

3. Takrolimasi (dawa ya kuzuia mwili usiyakatae mapafu), kwa saa zake. Mimi ni saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, kengele iko kwenye simu.

4. Kupuliza spairometa (kimashine cha kupima pumzi). Hapa ndipo nilipoharibu.

Tunachotazama ni hewa inayotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Keti wima, bana pua, vuta pumzi hadi kifua kijae, kisha puliza kama unawasha jiko la mkaa lililogoma (jiko lenyewe usilisogelee, moshi si wako tena), uendelee mpaka pumzi ikatike. Mara tatu, andika kubwa kuliko zote. Saa ile ile kila siku.

Namba yangu bora ilikuwa lita 2.40. Msimu wa kusi ikaja 2.31, nikasema upepo. Ikaja 2.25, nikasema sikulala vizuri. Ngazi napanda, kidoleni oksijeni inasoma 97, basi nikaona mashine ndiyo mbovu, nikabadilisha betri. Siku ya tisa 2.09. Ndipo nikapiga simu, nikafokewa. Kamera ikashushwa mapafuni, kinyama kikakatwa kupimwa: mwili unakataa. Dripu ya steroidi siku tatu. Nilirudi 2.27. Ile 2.40 sijaiona tena.

Kwa hiyo piga hesabu leo: toa asilimia 10 kwenye namba yako bora, iandike kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari. Wakati ule yangu ilikuwa 2.16. Ukigusa hapo, rudia baada ya saa chache. Ikibaki, simu siku hiyo hiyo. Usingoje kikohozi wala kuhema.

ONYO: kipima oksijeni cha kidoleni huchelewa kusema.
ONYO: usijiongezee steroidi. Maambukizi nayo hushusha namba, na nyumbani huwezi kuyatofautisha na kukataliwa.

5. Kliniki usikose hata ukijiona mzima, mwaka wa kwanza hasa. Kukataliwa kwingine hakuna dalili yoyote.

MASWALI

Mwana wa Pongwe: Somo refu mno. Kwa kifupi dalili ni zipi?
— Hatua ya 4. Soma.

Kijana wa Mikanjuni: Mzee namba imeshuka tangu Ijumaa ila mwenyewe anasema yuko fiti. Mgongo tu, nimempa diklofenaki ya duka la dawa.
— Leo Jumatano! Acha kuchati, mpigie daktari wake sasa hivi, na hiyo diklofenaki umtajie. Ikikutana na takrolimasi, figo ndizo zinazoumia.

Mwana wa Pongwe: Lakini wewe mwenyewe si ulisubiri siku tisa?
— Ndiyo. Ndiyo maana nimeandika.

Mama Zuhura: Shikamoo dada. Kwa nini siku ya kupima damu tunaambiwa tusimeze dawa kwanza?
— Marahaba mdogo wangu, umeuliza la maana. Wanatafuta kiwango cha chini kabisa cha takrolimasi, saa 12 baada ya dozi ya usiku. Ukimeza kwanza, kipimo kinasoma juu, daktari anakupunguzia dawa, na mwili unapata mwanya wa kushambulia. Mimi hubeba dozi kwenye kipochi pamoja na chupa ya maji. Sindano ikitoka tu, nameza.

Kijana wa Mikanjuni: Nimepiga. Wanamtaka leo.
— Nenda na daftari lake.

Mama Zuhura: Na machungwa, dada? Muheza sasa ni msimu.
— Chungwa tamu kula. Balungi na danzi ndiyo marufuku, hata juisi yake, yanapandisha takrolimasi kwenye damu. Na osha ganda kabla ya kumenya. Yale yaliyokwisha menywa stendi mimi sitii mdomoni: kisu kimoja, ndoo moja ya maji tangu alfajiri.