Jinsi ya kumtambua nondo wa likeni, na mti anaoutegemea

Binti yangu Salma aliwahi kukaa gizani nusu saa nzima akisubiri kimulimuli awake. Taa tumezima, pazia tumeshusha, gilasi iko mezani imefunikwa kwa kisahani, na ndani yake mna mdudu mwembamba mwenye mistari ya kijivu, manjano na wekundu wa waridi. Mimi ndiye niliyesema ni kimulimuli. Nilikuwa nimetoka kutupa taka nikamkuta ukutani, chini ya taa ya mlangoni, na ilikuwa Juni, mwezi ambao huku Louisville, Kentucky, vimulimuli hujaa kwenye nyasi jua likishazama. Nikaunganisha mambo. Salma akachoka: "Baba, huyu betri imekwisha."

Hakuwa kimulimuli. Alikuwa nondo. Kwetu Pangani ukisema nondo, fundi anafikiri unataka vyuma vya zege, na wadudu wenyewe hatuwapi heshima: tunawajua wale wa rangi ya vumbi wanaozunguka taa mpaka wanatumbukia kwenye chai. Nondo aliyevaa kama anakwenda harusini sikumtarajia. Jina lake la kisayansi ni *Hypoprepia fucosa*, na anaishi mashariki mwa Marekani na Kanada, toka Nova Scotia mpaka Florida, na kwa magharibi anafika Texas. Kama unakaa pande hizi, huenda amekwisha kutua mlangoni kwako ukampita.

Watu wengi wanaoniuliza huanza na picha ya mdudu. Mimi nakuambia anza na gome la mti. Kwenye taa anakuja kama mgeni tu. Kwake ni kwenye likeni, chakula cha kiwavi wake, na usipoijua likeni utamwona mara moja kwa bahati halafu basi.

Likeni ni yale magamba ya kijivu, kijani au njano yanayoganda kwenye magome, mawe na mbao za uzio. Mama yangu angeyaita ukoga na kuyakwangua. Kumbe ni viumbe wawili katika nyumba moja: kuvu ndiye mwenye kuta, na ndani yake mna mwani anayetengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Hayanyonyi mti. Hayana mizizi, yameshikilia gome kama mtu aliyepanga chumba, kwa hiyo ukiona mti umekauka na una likeni, usiisingizie likeni.

Na sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Marere ni likeni. Katika karne ya 19 yalikuwa bidhaa: yalikusanywa kwenye miti na vichaka vya pwani yetu, yakapelekwa Unguja, na kutoka huko yakasafirishwa Ulaya kutengenezea rangi ya zambarau ya kutilia nguo. Babu alilijua neno hilo, ingawa biashara yenyewe ilikuwa imekufa kabla yake. Nilipolitafuta jina la nondo wangu nikacheka peke yangu: *fucosa* ni Kilatini, maana yake aliyepakwa rangi, na linatoka kwenye *fucus*, neno ambalo kwa Warumi lilikuwa pia jina la likeni ya kutilia rangi nyekundu. Yaani marere yao.

Haya, tafuta mti. Hapa kwetu mzuri kuliko yote ni mwaloni mzee. Mimi huenda Iroquois Park kwa miguu, na siku nikiwa na gari naenda Jefferson Memorial Forest, kusini ya mji, ambako mialoni imeshonana. Tazama shina toka usawa wa goti hadi usawa wa macho. Unatafuta mabaka mapana kama kiganja, kijani kilichofifia kuelekea njano, kingo zake zimejikunja kama chapati iliyoachwa nje usiku. Hiyo ni *Flavoparmelia caperata*, na huku ni ya kawaida sana. Ukiwa na chupa ya maji, nyunyizia kidogo halafu subiri. Mbele ya macho yako baka litakolea na kuwa kijani kibichi, kwa sababu likeni ikilowa ngozi ya juu huangaza na mwani wa ndani huonekana. Rangi ya mwamba au rangi ya nyumba iliyomwagika haifanyi hivyo. Jaribio hili Salma amelifanya kwa kila mti wa mtaa wetu, na milango miwili.

Ukikuta shina tupu, hasa karibu na barabara kubwa, usipoteze muda. Likeni hunywa maji na kila kilichomo hewani bila kuchuja, na dioksidi ya salfa inayotoka kwenye makaa ya mawe huiua mapema. Na ikifa hairudi upesi, maana aina nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka. Hapo nina kinyongo changu. Nyuma ya majengo yetu palikuwa na uzio wa mbao uliojaa likeni toka juu hadi chini. Wasimamizi wakaleta mashine ya maji ya presha, asubuhi moja tu, ukawa mweupe kama jino. Kila mtu alisifu. Mimi nilisimama na kikombe changu nikihesabu miaka.

Sasa taa. Huhitaji vifaa vya maabara. Shuka jeupe, kamba ya nguo, na ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Tundika shuka karibu na miti yenye likeni, elekeza mwanga, zima taa nyingine zote. Chagua usiku wa joto, wa mawingu, usio na mbalamwezi, ule ambao shati linanata mgongoni kama Tanga kabla ya mvua. Hapa Kentucky Juni na Julai ndiyo miezi yangu, ingawa katika eneo lote la nondo hawa wanaonekana toka Mei hadi Septemba. Kuanzia giza likishika hadi saa sita usiku inatosha.

Jiandae pia kwa majirani. Mzee mmoja Mkongo wa nyumba ya pili alinikuta nimebandika uso kwenye shina.

"Baba Salma, unatafuta nini ku muti na usiku hii?"

"Natafuta nondo, mzee wangu. Shikamoo."

Akanitazama, akatazama shuka, akaenda kuleta kiti.

Akitua, usimguse kwanza. Angalia umbo. Hukunja mabawa bapa juu ya mgongo, moja likilalia kidogo jingine, akawa mrefu mwembamba kama mbegu ya tikiti iliyovutwa. Weka sarafu ya senti 25 pembeni na upige picha kutoka juu kabisa: sarafu ina upana wa milimita 24, na yeye akiwa amekunja mabawa urefu wake haufiki hapo. Akiyatandaza ni sentimita 2.5 hadi 3.5 toka ncha hadi ncha. Kisha rangi. Mabawa ya mbele yana mistari minene ya kijivu iliyokolea inayokwenda kwa urefu, na kati ya mistari kuna rangi mbili: manjano na wekundu wa waridi. Hizo mbili ndizo za kushika. Ndugu yake, *Hypoprepia miniata*, ana mistari ileile lakini sehemu iliyobaki ni nyekundu tupu bila manjano kuchanganyika. Programu ya simu iliniambia *miniata* mara mbili kwa picha za mdudu yuleyule, kwa kuwa nilipiga kwa mwanga wa taa ya mlangoni, ambao hugeuza kila kitu kuwa cha machungwa. Piga tena kwa mwanga mweupe kabla hujabishana na mtu.

Mabawa ya nyuma huyaoni mpaka aruke au ajinyooshe. Ni ya waridi, na ukingo mpana mweusi.

Kuhusu kimulimuli, kosa langu lina sababu. Wa kawaida hapa, *Photinus pyralis*, ana ngao ya waridi yenye doa jeusi juu ya kichwa, na mabawa meusi yenye ukingo wa njano. Kwa macho ya usiku wanafanana. Lakini kimulimuli ni mbawakawa: mabawa yake ya juu ni maganda, yanakutana katikati kwa mstari ulionyooka. Nondo ana unga. Salma alipomtoa kwenye gilasi kidole chake kilibaki na vumbi laini la kijivu, kama mtu aliyegusa poda, na hilo ndilo lililotufumbua macho. Usilifanye kwa makusudi, maana kila punje ya unga ule ni gamba la bawa lake.

Mfanano huo huenda humfaa. Vimulimuli wana sumu, na anayekula wadudu akishatapika mara moja hukumbuka rangi. Nondo naye hayuko mikono mitupu: watafiti wamekuta kemikali za likeni ndani ya mwili wake, alizozila akiwa kiwavi. Wengi wa ukoo wake, wale nondo chui, wana masikio ya kusikia milio ya popo, na wapo wanaowajibu kwa milio yao wenyewe.

Kiwavi ni kazi ya wenye subira. Anapitisha majira ya baridi akiwa kiwavi, kwa hiyo Aprili, kabla hujaona nondo hata mmoja, nenda na tochi usiku kwenye ule mwaloni wako. Ni mweusimweusi, na nywele ngumu chache zilizotawanyika, si manyoya ya kuwasha kama viwavi tunaowajua. Usitazame majani, hana shida nayo. Tazama baka la likeni lenye sehemu iliyopauka kama imepigwa msasa, halafu sogeza mwanga taratibu pembeni yake. Mimi katika misimu mitatu nimepata wawili. Mzee, kwenye kiti chake, amepata watano, na ananikumbusha.

Ukimaliza, zima tochi na ukung'ute shuka polepole kabla ya alfajiri. Nililiacha usiku mmoja, na asubuhi nikakuta ndege wawili wameng'ang'ania kamba, mabawa ya nondo yametapakaa chini kama maganda ya karanga. Ya nondo wetu wa likeni yalikuwa manne. Mengine yote yalikuwa ya kahawia.