Una mti wa dawa unataka kuupima maabara? Anzia hapa

Wadau, huku Dodoma kila mtu ana bibi anayejua mti wa kutibu kidonda, ila ukifika maabara na majani kwenye mfuko bila maelezo utarudishwa.

Kwanza jina, hapa ndo wengi tunaharibu. Ukisema mgunga hujasema kitu, migunga iko kibao na haifanani kemikali. Kata tawi lenye majani na maua au matunda, libane kwenye magazeti likauke, andika kijiji, tarehe na sehemu inayotumika, afu mpelekee mtaalamu wa mimea akupe jina la kisayansi. Na mzee aliyekuonesha muombe ridhaa, usibebe ujuzi wake kimyakimya.

Kukausha ni kivulini, jua letu la mwezi wa kumi usilichezee. Mi nilianika juu ya bati nikajiona mjanja, jioni majani yamekuwa kama ugoro. Joto linaweza kuharibu dawa yenyewe, hata Tu Youyou wa China, aliyepata Nobel 2015 kwa dawa ya malaria, mambo yalimnyookea alipoacha kuchemsha akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia dawa, kwenye joto dogo.

Saga, pima gramu 100, loweka kwenye ethanoli (alkoholi) ya 80% siku 3 huku unatikisa, chuja, afu ethanoli itolewe kwa mashine ya presha ndogo, maji ya kuipashia moto yasizidi nyuzi 40. Kinabaki kitu kama lami, hiyo ndo ekstrakti, ipime, ukipata gramu 9 basi ni 9% ya unga ulioanza nao.

Kupima bakteria sio kazi ya jikoni jamani. Maabara wanapaka Staphylococcus aureus, bakteria wa kwenye vidonda, kwenye sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, wanatoboa vishimo, kimoja ekstrakti yako, kingine antibayotiki kama siprofloksasini, kingine kimiminika ulichoyeyushia ekstrakti, chenyewe peke yake, hiki watu wanakiruka afu wanashangilia kumbe kilichoua bakteria ni kimiminika. Nyuzi 37, saa 18 mpaka 24, unapima kwa milimita duara ambalo bakteria hawajaota.

Duara likiwa kubwa tulia, hata jiki inaua bakteria. Tafuta kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kuota, afu pima sumu kwa vile vikamba vidogo vya maji chumvi, na vikifa vyote kwenye dozi ndogo rudi kwa yule mzee umuulize vizuri, huwa anapaka au ananywesha?