Kudhibiti gesi za bandani: anza na sakafu kabla ya madirisha

Banda likinuka, wengi wetu hukimbilia kufungua madirisha. Fungua, maana mapafu ya mifugo na ya mhudumu hayangoji. Ila ujue gesi haijapungua, imehamia nje tu. Tena upepo mkali ukipita juu ya sakafu yenye mkojo huchota zaidi amonia, ile gesi yenye harufu kali itokayo kwenye mkojo. Kazi yenyewe ni kuizuia gesi isizaliwe.

Hatua ya 1: Pima
Pima gesi kwenye kimo cha kichwa cha mnyama, alfajiri, banda likiwa bado limefungwa, na uandike joto la wakati huo. Usitegemee pua, kwani huzoea haraka. Kama kigezo, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama inataka amonia isizidi sehemu 20 kwa kila sehemu milioni za hewa, na kabonidioksidi isizidi 3,000, katika mabanda yenye zaidi ya kilo 33 za kuku kwa mita ya mraba.

Hatua ya 2: Rekebisha chakula
Nitrojeni ya protini isiyotumika mwilini hutoka kwenye mkojo, nayo ndiyo hugeuka amonia. Kwa nguruwe, ukishusha protini ghafi (jumla ya protini inayokadiriwa kwenye chakula) kutoka asilimia 17 hadi 16, amonia hupungua kwa takriban sehemu ya kumi. Usikate protini kiholela: ongeza laisini na methionini, yaani vijenzi vya protini ambavyo mwili huvihitaji, la sivyo ukuaji utadorora.

Hatua ya 3: Tenganisha mkojo na kinyesi
Hapa ndipo ninapowaomba wafugaji waweke nguvu nyingi. Mkojo una yurea, kemikali yenye nitrojeni, na kinyesi kina kimeng'enya cha kuivunja. Vikikutana, amonia huanza kutoka ndani ya saa chache. Kwa ng'ombe na nguruwe, ipe sakafu mteremko, mkojo utiririke kwenye mfereji wake, na kwangua kinyesi mara kadhaa kwa siku. Kwangua hadi sakafu itakate: utando mwembamba uliosambazwa kila mahali hutoa amonia zaidi kuliko rundo lililobaki pembeni.

Kuku hawakojoi hivyo, na adui wao ni unyevu. Chukua konzi ya maranda yaliyotandikwa sakafuni, ibane, kisha fungua kiganja. Ikibaki bonge, kuna maji mengi. Tafuta chombo cha maji kinachovuja kabla ya kumwaga maranda mapya. Ikitoa vumbi, imekauka kupita kiasi, na vumbi hilo nalo ni uchafuzi. Inayofaa hushikana kidogo kisha humomonyoka.

Hatua ya 4: Ondoa samadi ya majimaji mapema
Shimo lenye joto lisilopata hewa ndilo kiwanda cha methani, gesi inayopasha joto dunia takriban mara 28 kuliko kabonidioksidi kwa uzani uleule katika miaka 100. Hamishia samadi kwenye hifadhi ya nje iliyofunikwa, au kwenye mtambo wa biogesi usiovuja. Mtambo unaovuja hutoa methani ileile uliyotaka kuizuia.

Tahadhari ya uhai: samadi iliyokaa ikikorogwa hutoa kwa ghafla haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo ikiwa nyingi huua uwezo wa kunusa, hivyo kutosikia uvundo si dalili ya usalama. Toa watu na mifugo wote kwanza, na usimfuate aliyeanguka shimoni bila kifaa cha kupumulia.

Hatua ya 5: Usisahau mdomo wa ng'ombe
Methani yake nyingi hutoka kwa kucheua na kubeua, si kwenye samadi. Malisho laini yanayomeng'enyeka vizuri hupunguza methani kwa kila lita ya maziwa. Sakafu haitakusaidia hapa.

Hatua ya 6: Linda ulichookoa
Amonia uliyoizuia bandani bado imo ndani ya samadi kama nitrojeni. Ukiitandaza shambani juani na kuiacha, sehemu kubwa ya ulichookoa inaweza kupotea mchana mmoja. Tandaza siku ya baridi isiyo na upepo, na ifukie ndani ya saa chache.